Kutembea Juu ya Ziwa: Namna Usalama wa Barafu Unavyopimwa

Wahenga walinena kuwa maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hiyo ilizaliwa katika mazingira ambamo maji huvukwa kwa chombo au kwa kuogelea, si kwa miguu mikavu. Hata hivyo, kila mwaka walimu na wanafunzi kutoka Afrika Mashariki husafiri kwenda kufundisha Kiswahili au kuendeleza masomo yao kaskazini mwa Marekani, na baadhi yao hujikuta wakiishi kando ya maziwa ambayo, ifikapo Januari, hugeuka kuwa viwanja. Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, ambacho ni miongoni mwa vyuo vinavyofundisha Kiswahili nchini humo, kimejengwa kwenye ukingo wa kusini wa Ziwa Mendota. Mgeni anayechungulia dirishani huwaona watu wakitembea, wakiteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma, na wengine wakiketi juu ya ndoo huku wakivua samaki kupitia matundu, mahali pale pale palipokuwa na mashua mwezi Septemba. Mnamo mwaka 1979 wanafunzi wa chuo hicho walisimamisha juu ya barafu mfano wa kichwa cha Sanamu ya Uhuru ya New York pamoja na mkono wake wenye mwenge, ikawa kana kwamba sanamu nzima imezama ziwani. Mtu akiyaona hayo, ni rahisi adhani kuwa ziwa lote ni sakafu.

Makala haya yananuia kueleza jinsi wenyeji wa sehemu hizo wanavyoamua kuwa barafu inakanyagika au haikanyagiki.

Neno moja, vitu vingi

Kiswahili kina neno barafu, lenye asili ya Kiajemi, na neno theluji, lenye asili ya Kiarabu. Kwa umande ulioganda tunalo neno sakitu. Katika matumizi ya kila siku, barafu ni kile kinachotiwa katika kinywaji, kile kinachohifadhia samaki sokoni, na kile kilichobaki katika vilele vya Mlima Kenya. Msamiati huo unatutosheleza hapa petu, lakini ukingoni mwa ziwa lililoganda haukidhi haja. Huko swali la kwanza si kama kuna barafu, bali ni barafu ya aina gani.

Aina iliyo imara zaidi ni barafu angavu. Hii huganda moja kwa moja kutokana na maji ya ziwa, katika baridi tulivu isiyo na theluji, nayo haina viputo vingi vya hewa. Lugha kadhaa za kaskazini huiita "nyeusi", kwa kuwa mtu huona giza la maji kupitia kwayo. Kwa hiyo weusi unaomtisha mgeni huweza kuwa dalili njema. Ya pili ni barafu nyeupe, inayotokea pale theluji iliyoanguka inapolowa maji kisha kuganda. Weupe wake unatokana na hewa iliyonaswa ndani, na nguvu zake hukadiriwa kuwa nusu tu ya zile za barafu angavu. Ikiwa ya kijivu, maji yamekwisha kuipenya, na haifai kukanyagwa hata kidogo. Iko pia barafu ya majira ya kuchipua, ambayo wenyeji husema imeoza. Jua huyeyusha mipaka baina ya fuwele zake zilizosimama wima, zikaachana mithili ya mishumaa iliyopangwa bega kwa bega. Barafu ya namna hii huweza kuwa nene kuliko ile ya Januari na bado isimbebe mtoto. Hapo kipimo cha unene hupoteza maana.

Unene na hesabu zake

Maji huwa mazito zaidi yanapofikia takriban nyuzi 4 za Selsiasi. Yakipoa zaidi ya hapo huwa mepesi na kubaki juu, na ndiyo sababu ziwa huanza kuganda usoni huku samaki wakiendelea kuishi chini. Lakini tabaka la kwanza likishafanyika, lenyewe hugeuka kuwa blanketi. Joto la maji sharti lipite katika barafu ili litoke, na kadiri barafu inavyonenepa ndivyo safari hiyo inavyorefuka. Mwanafizikia Josef Stefan alilionyesha jambo hili kihesabu mwaka 1891: ili unene uongezeke maradufu, baridi iliyolimbikizana sharti iwe mara nne. Sentimita chache za mwanzo zaweza kupatikana kwa usiku mmoja au miwili. Zinazofuata hudai siku nyingi. Theluji ikianguka mapema juu ya barafu changa huwa blanketi la pili, na ukuaji hupungua zaidi. Mwenye kuhesabu siku za baridi bila kuangalia theluji hujidanganya.

Kwa upande wa kubeba mzigo, mtafiti wa Kanada Lorne Gold alichapisha mwaka 1971 kanuni inayotumika hadi leo, kuwa uzito unaoweza kubebwa hulingana na unene uliozidishwa kwa unene wenyewe. Barafu ya sentimita 5 si nusu ya ile ya sentimita 10. Ni robo yake. Katika jimbo jirani la Minnesota, idara ya maliasili hushauri kuwa mtu asikanyage barafu angavu isiyofika inchi 4, yaani takriban sentimita 10. Gari dogo huhitaji inchi 9 hadi 10. Ikiwa barafu ni nyeupe, vipimo hivyo huzidishwa kwa mbili. Idara hiyo hiyo husisitiza kuwa hakuna barafu inayoweza kudhaminiwa asilimia mia, na kauli hiyo isichukuliwe kuwa desturi tu ya maofisa kujikinga na lawama. Tarakimu hizo huzungumzia unene wa mahali palipopimwa, na ziwa moja lina mahali pengi.

Ziwa si sare

Ziwa Mendota hupokea maji ya Mto Yahara upande mmoja na kuyatoa upande mwingine. Mahali maji yanapotembea, barafu huwa nyembamba hata kama hatua chache kando yake kuna watu wanaovua kwa raha. Hali ni hiyo chini ya madaraja, katika milango bahari ya kati ya visiwa, juu ya chemchemi za chini, na kandokando ya matete na nguzo za gati, ambazo hufyonza joto la jua. Kwenye maziwa makubwa, sahani za barafu hutanuka na kusukumana hadi zikainuka na kufanya matuta, na pembeni mwa matuta hayo maji huwa wazi au yamefunikwa na utando tu. Upepo nao haupuuzwi: mwezi Desemba 2023, huko Upper Red Lake, Minnesota, kipande kikubwa cha barafu kilimeguka kikiwa na wavuvi juu yake, ikabidi watu zaidi ya 100 waokolewe.

Kwa sababu hiyo mwenyeji hapimi mara moja. Hutembea akiwa na mtaimbo, akiugotagota mbele yake kabla ya kila hatua. Ukizama au maji yakichomoza, hurudi kwa njia aliyojia. Akiwa na keke, hutoboa tundu, huingiza rula yenye kulabu inayoshika ukingo wa chini, husoma unene, kisha hurudia mbele zaidi. Hatumii masikio peke yake. Barafu nene hunguruma inapotanuka au kunywea kwa mabadiliko ya halijoto, na ngurumo hizo humtia mgeni hofu isiyostahili, ilhali ukimya wa barafu iliyooza humtuliza kimakosa.

Nyayo za waliotangulia nazo si ushahidi. Utafiti ulioongozwa na Sapna Sharma wa Chuo Kikuu cha York, Toronto, na kuchapishwa mwaka 2020, ulichunguza vifo zaidi ya 4,000 vya watu waliozama majira ya baridi katika nchi 10. Ulibaini kuwa vifo huwa vingi zaidi halijoto ya hewa inapokuwa kati ya nyuzi 5 chini ya sifuri na sifuri yenyewe. Kwa maneno mengine, siku ya hatari si ile inayouma masikio, bali ile ya kupendeza. Kumbukumbu za kuganda kwa Mendota, zilizowekwa tangu miaka ya 1850, zinaonyesha kuwa kipindi cha barafu kimepungua kwa takriban mwezi mmoja; basi hata uzoefu wa mzee aliyezaliwa kando ya ziwa hilo unahitaji kusahihishwa.

Barafu ikivunjika

Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, ambaye ameitafiti baridi kwa kuutumbukiza mwili wake mwenyewe, ameeneza kanuni ya moja, kumi, moja. Dakika 1 ya kwanza ni ya kutuliza pumzi, kwani mshtuko humfanya mtu atwete na kumeza maji. Dakika 10 zinazofuata ndizo ambazo mikono na miguu bado hutii. Baada ya hapo, huweza kupita hadi saa 1 kabla ya kuzirai kwa baridi. Wengi hufa mapema zaidi kwa kuishiwa nguvu za kuogelea, na ndiyo maana jaketi la kuokolea huvaliwa hata juu ya barafu.

Aliyetumbukia hugeukia upande alikotoka, kwa kuwa barafu ya huko ndiyo iliyokuwa imembeba. Hupiga mateke hadi mwili ulale usawa wa maji, huchoma barafu kwa misumari miwili yenye mipini, ambayo wenyeji huivaa shingoni, na kujivuta. Akishatoka hasimami; hujiviringisha mpaka afike penye uimara. Aliye karibu naye hapaswi kumkimbilia. Hupiga simu nambari 911, hulala kifudifudi ikibidi asogee, na kumtupia kamba, ngazi au hata skafu iliyofungwa fundo. Na ikiwa aliyetumbukia ni mbwa, mwenyewe hubaki ukingoni vivyo hivyo, akiita msaada.