Kwa Nini Mhudumu Analia Stoo

Ijumaa, saa saba mchana, mgahawa umefurika. Meza ya pembeni wanaita "Dada!" kwa mara ya tatu, meza ya dirishani wanataka bili, na jikoni mpishi anafoka kwamba aliambiwa wali, sasa anadaiwa ugali. Mhudumu anajipenyeza stoo, anafuta machozi kwa aproni, anarudi mezani akitabasamu. Wengi tukimwona tutasema kazi haimfai, hana moyo.

Machozi hayo yalishachunguzwa. Katika miaka ya 1940, mwanasosholojia William Foote Whyte, akiwa Chuo Kikuu cha Chicago, alifanya utafiti na wenzake katika migahawa ya Marekani, akitaka kujua, pamoja na mengine, kwa nini baadhi ya wahudumu hulia na wengine hawalii. Jibu halikuwa upole wala bashasha. Waliostahimili saa za msongamano walikuwa wale waliomwahi mteja. Mgeni hajakaa vizuri, mhudumu ameshafika: amesalimu, amefuta meza, ameeleza atarudi lini kuchukua oda. Kuanzia hapo mteja anafuata mwendo wa mhudumu. Anayengoja kuitwa hukimbizwa kutwa, kila meza ikimvuta upande wake.

Kwetu stadi hiyo huanzia kwenye salamu. "Shikamoo mzee, karibu. Samaki wamekwisha, ila kuku yupo, na hachukui muda." Kwa maneno hayo machache heshima imetolewa, oda imeongozwa, na ugomvi ambao ungezuka nusu saa baadaye umezimwa. Kumwambia mteja mapema kwamba chakula kitachelewa nako ni ustadi, tena mgumu, maana anayeogopa kufokewa hukwepa hata kupita karibu na meza hiyo. Mteja huvumilia kusubiri. Kusahauliwa ndiko kunakomchoma.

Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alieleza kwamba kazi huchosha akili zaidi pale madai yanapokuwa makubwa huku mfanyakazi akiwa hana uamuzi juu ya namna ya kuyatimiza. Mhudumu anayemwahi mteja amejitwalia kipande kidogo cha uamuzi huo. Ndiyo maana sipendi ule msemo wa "mteja ni mfalme" unaobandikwa ukutani: unampokonya mhudumu hata hicho kidogo.

Halafu kuna tabasamu. Mwanasosholojia Arlie Hochschild, katika kitabu chake cha 1983 kuhusu wahudumu wa ndege, alionyesha kwamba wafanyakazi hawa huuza hisia zao pamoja na nguvu zao. Wapo wanaovaa tabasamu usoni huku moyoni wakichemka, na wapo wanaojitahidi kuibadili hisia yenyewe, kwa mfano kwa kujiambia kwamba mteja huyu mkali pengine ametoka msibani. Tafiti zilizofuata zimehusisha mara kwa mara ile njia ya kwanza na uchovu wa kihisia. Kwa hiyo meneja anayesema "tabasamu tu" anafundisha njia mbaya kuliko zote.

Lakini Whyte aliona pia kwamba ugomvi mwingi ulikuwa kati ya wahudumu na watu wa jikoni. Wanaume wa kule ndani, waliojiona wa daraja la juu, walichukia kupigiwa kelele za oda na wanawake wahudumu. Dawa mojawapo ilikuwa kifaa cha bei ndogo: msumari uliosimamishwa juu ya kaunta. Mhudumu aliandika oda, akachomeka karatasi, akaondoka. Mpishi alizichukua na kuzipanga mwenyewe. Amri ilitoka kwenye karatasi, haikutoka tena kinywani mwa mtu. Na mzozo wa wali au ugali uliamuliwa kwa kusoma.

Mpangilio wa kazi unajumuisha pumziko pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 mapumziko yasiyopungua dakika 60. Kumeza mandazi ukiwa umesimama nyuma ya friji si mapumziko.

Mwenye mgahawa, kabla hujalipia semina ya huduma kwa wateja, kaa jikoni siku moja saa saba mchana uhesabu ni oda ngapi zinapigiwa kelele. Kisha nunua karatasi na msumari.