Mahali pa Kusakinisha Programu za Nje katika Seva za Unix: Mazingatio kwa Vituo vya Afya vya Jinja na Mbale

Ikisiri

Makala haya yanaeleza vigezo vya kuchagua saraka ya kusakinisha programu zisizotoka katika usambazaji wa mfumo wa uendeshaji, kwa kurejelea mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa mashariki mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba uchaguzi huo ni suala la sera, kwa kuwa ndio unaoamua kama kumbukumbu zitasalimika pindi mfumo unaposasishwa au mtaalamu anapohama.

1. Utangulizi

Jinja na Mbale, zilizopandishwa hadhi kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020, kila moja ina hospitali ya rufaa ya kanda inayopokea wagonjwa kutoka wilaya nyingi. Vituo vingi vya afya nchini Uganda hutumia UgandaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Mfumo huu huhitaji programu nyingine mbili: Tomcat, inayouendesha, na MySQL, inayohifadhi data. Pale seva inapotumia Linux, msimamizi hukabiliwa na swali linaloonekana dogo: kila kimojawapo kiwekwe wapi?

2. Ramani ya saraka

Jibu la msingi limo katika kiwango cha mpangilio wa mafaili kijulikanacho kama FHS, ambacho chanzo chake ni waraka wa Februari 1994 na toleo lake la 3.0 lilitolewa mwaka 2015. Kiwango hiki hutenga maeneo kwa kuzingatia nani anayeyamiliki. Saraka ya /usr, isipokuwa /usr/local, ni milki ya usambazaji. Programu ya kusimamia vifurushi huweza kuandika juu ya chochote kilichomo bila kuuliza. Saraka ya /usr/local ni ya msimamizi wa mashine, nayo haipaswi kuguswa mfumo unaposasishwa; hufaa kwa zana ndogo na programu alizozijenga mwenyewe kutokana na msimbo. Saraka ya /opt ni ya programu zinazokuja zikiwa kamili, kila moja katika saraka yake, mipangilio yake ikikaa /etc/opt na data inayobadilika ikikaa /var/opt.

Njia ya nne, ambayo kiwango hakiipendekezi lakini huonekana mara kwa mara, ni kusakinisha katika saraka ya nyumbani ya mtumiaji. Hiyo ni njia nyepesi kwa anayeanza, ila huufunga mfumo wa hospitali nzima kwenye akaunti ya mtu mmoja. Mtu huyo akihamishwa na akaunti yake ikafutwa, saraka yake huweza kufutwa pamoja nayo.

3. Mfano wa Tomcat

Umuhimu wa uchaguzi huu ulidhihirika Debian 12 ilipotoka mwaka 2023. Usambazaji huo uliondoa seva ya Tomcat 9 na kuweka Tomcat 10. Toleo jipya lilibadilisha majina ya maktaba za Java ambazo programu huzitegemea, hivyo programu zilizoandikwa kwa mtindo wa zamani, zikiwemo za OpenMRS 2, haziendeshwi nalo bila kugeuzwa. Aliyetegemea Tomcat ya usambazaji alilazimika ama kubaki na mfumo wa zamani au kutafuta njia nyingine. Aliyeiweka Tomcat 9 ndani ya /opt aliweza kusasisha mfumo wa uendeshaji bila kuigusa.

Hata hivyo, uhuru huo una gharama yake. Programu iliyo ndani ya /opt haipokei marekebisho ya usalama kutoka kwa usambazaji. Aliyeisakinisha ndiye anayewajibika kufuatilia kila toleo. Kituo kisicho na mtu wa kazi hiyo kina nafuu zaidi kikitumia vifurushi vya usambazaji wenye msaada wa muda mrefu, mathali matoleo ya Ubuntu yanayohudumiwa kwa miaka 5, na kupanga mapema namna ya kuhama.

4. Data, ruhusa na dhima ya kisheria

Kanuni inayofuata ni kutenganisha programu na data. Programu hupatikana tena kwa kuipakua. Kumbukumbu za mgonjwa hazipatikani popote pengine. Data ikikaa chini ya /var, nje ya saraka ya programu, nakala rudufu huwa rahisi kuchukuliwa na programu huweza kubadilishwa bila kuihatarisha. Ni vema kila toleo liwekwe katika saraka yenye namba yake, na kiungo kimoja kielekeze kwenye linalotumika. Lakini kurudisha kiungo nyuma hakutoshi iwapo toleo jipya limekwisha kubadilisha muundo wa hifadhidata. Hapo nakala rudufu iliyochukuliwa kabla ya mabadiliko ndiyo tegemeo pekee.

Aidha, programu iendeshwe kwa akaunti yake maalumu, si ya msimamizi mkuu, na isiwe na ruhusa ya kuandika juu ya mafaili yake yenyewe. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 humtaka anayehifadhi data binafsi ailinde dhidi ya kupotea na kufikiwa isivyo halali. Hivyo, ruhusa za saraka ni sehemu ya kuitii sheria.

5. Hitimisho

Mtaalamu anayeitwa kutoka Jinja kwenda Mbale kurekebisha seva iliyozimika hapaswi kuanza kwa kupekua diski akitafuta ilipo hifadhidata, ilhali wagonjwa wanangoja mafaili yao. Inapendekezwa vituo vya kanda vikubaliane juu ya waraka mmoja mfupi unaotaja saraka ya kila programu, mahali pa data, akaunti inayoiendesha na anayewajibika kuisasisha. Kukubaliana huko ni muhimu zaidi kuliko ushindani kati ya /opt na /usr/local, kwani saraka yoyote kati ya hizo hufaa mradi ijulikane na wote watakaoirithi seva.