Kitambaa Kikavu Ndicho Kinachokula Rangi ya Gari

Kila asubuhi, katika viwanja vya maofisi mjini Kampala, madereva wanaowangojea wakubwa wao huonekana wakiyazunguka magari na kitambaa kikavu mkononi. Hupangusa boneti, hupangusa paa, hupuliza pumzi palipo na doa na kupangusa tena, mpaka gari linang'aa kama kioo. Katika makambi na mitaa ya askari mambo ni yale yale: mtoto hupewa fulana kuukuu na kuambiwa atoe vumbi kabla baba hajatoka. Kazi hiyo hufanywa kwa nia njema kabisa, wala hapana awezaye kumlaumu mtu apendaye usafi. Walakini kitambaa hicho kikavu, kikishirikiana na jua kali, ndicho kinachoimaliza rangi.

Vumbi jekundu la barabara zetu za marramu si unga laini kama linavyoonekana. Ndani yake mna chembe za mchanga ambazo ugumu wake hushinda hata chuma cha kisu cha jikoni. Anayepita na kitambaa kikavu juu ya vumbi hilo anapiga msasa gari lake, japo kwa msasa mwembamba sana. Mkwaruzo mmoja hauonekani. Lakini baada ya miezi kadhaa, jua likipiga boneti, huonekana miviringo mingi ya nyuzi nyembamba mithili ya utando wa buibui. Watoto nao wana desturi ya kuandika majina yao kwa kidole juu ya buti lenye vumbi. Gari huoshwa, vumbi likaondoka, na jina likabaki.

Ili kuelewa hasara iliyopo, yafaa kwanza kujua rangi yenyewe ni kitu gani. Gari la kisasa litokapo kiwandani huwa na tabaka kadhaa: ya chini kabisa ya kuzuia kutu, ambayo bodi nzima huchovywa ndani yake kwa nguvu ya umeme, juu yake tabaka ya kusawazisha, kisha rangi yenyewe, nyeupe, bluu au fedha, na juu ya yote vanishi isiyo na rangi, ambayo ndiyo hasa huleta ule mng'ao. Tabaka zote hizo zikijumlishwa, unene wake aghalabu ni kati ya mikroni 100 na 150, na mikroni 1000 ndizo hufanya milimita moja. Karatasi ya kuandikia barua ya ofisini ina unene wa karibu mikroni 100. Vanishi peke yake mara nyingi ni mikroni 35 hadi 50 tu, yaani pungufu ya unene wa unywele wa watu wengi. Humo ndimo ilimo dawa ya kuzuia mionzi ya urujuanimno, ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho. Nasi wa Uganda, tunaokatwa na mstari wa Ikweta pale Kayabwe katika barabara ya Masaka, tunapigwa na mionzi hiyo utosini mwaka mzima.

Mwanajeshi na polisi wana bahati moja ambayo raia wengi hawana: wamekwisha kufundishwa kung'arisha vitu, na wamefundishwa njia mbili zilizo mbalimbali kabisa. Ya kwanza ni ya kiatu. Askari hupaka kiwi, husugua, hudondosha tone la maji, hupaka tena, na kila mara huongeza tabaka ya nta juu ya ngozi hadi uso wake unaonekana kwenye ncha ya buti. Ya pili ni ya kifungo cha shaba na bizimu ya mkanda. Hapo Brasso haiongezi kitu. Inakwangua shaba iliyochakaa ili shaba mpya itokee, na ndiyo sababu vifungo vya askari aliyetumikia miaka mingi huweza kupoteza nembo yake na kuwa laini kama kokoto ya mtoni. Kosa la wenye magari wengi ni kudhani kwamba polishi ya gari ni kama kiwi ya kiatu. Sivyo, polishi ni Brasso. Kilicho sawa na kiwi ni nta, ile inayopakwa mwisho, na ulinganifu huo si wa maneno matupu. Kiwi, iliyoanza kuuzwa Melbourne, Australia, mwaka 1906, nayo ikapewa jina la ndege wa New Zealand alikozaliwa mke wa William Ramsay aliyeitengeneza, imekuwa ikichanganywa na nta ya kanauba, inayotoka katika majani ya mti wa jamii ya mnazi huko Brazili. Nta hiyo hiyo ndiyo sifa ya makopo mengi ya nta ya gari.

Wazee waliokuwa na Peugeot 504 katika miaka ya 1970 watakumbuka kwamba kitambaa cha polishi kilitoka na rangi ya gari. Wakati ule magari mengi hayakuwa na vanishi ya juu. Rangi ilikuwa moja, nene, na iliweza kusuguliwa mara nyingi na kuzaliwa upya. Mazoea ya kusugua gari kila mwezi yalitokana na magari hayo, na kwa magari hayo hayakuwa mabaya sana. Katika miaka ya 1980 na baadaye vanishi ya juu ilienea viwandani. Magari yakabadilika, mazoea yakabaki.

Basi kazi iliyo kubwa ni kuosha, si kusugua. Gari lioshwe kivulini, asubuhi au jioni, bodi ikiwa imepoa. Kwanza limwagiwe maji mengi toka paani kushuka chini bila kuguswa, ili mchanga uteremke wenyewe. Mpira wa maji ukikosekana, ndoo mbili tatu na kopo vitatosha. Kisha ziandaliwe ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila kipande kimalizikapo. Mwenye ndoo moja anachukua mchanga wa mlangoni na kuurudisha paani. Kuanzia juu kwenda chini ni sharti, maana sehemu iliyo chini ya milango na nyuma ya magurudumu ndiyo yenye tope, na kitambaa kilichopita hapo kisirudi juu tena. Magurudumu yawe na kitambaa chake kibovu.

Kuhusu sabuni, ile ya unga ya kufulia nguo haifai. Ni kali, huondoa nta yote, na chembe zake zisipoyeyuka husugua kama mchanga. Sabuni ya gari hupatikana madukani, na kifuniko chake kimoja hutosha ndoo nzima. Mahali pengine pa kuoshea magari vijana humalizia kwa kupangusa bodi kwa mafuta ya taa au dizeli, na mteja hufurahi kwa kuwa gari linameremeta. Mng'ao huo hauishi siku mbili, vumbi hunasa juu yake kama inzi kwenye asali, na mipira ya milango na madirisha huvimba kidogo kidogo. Mteja ana haki ya kukataa, na akatae kabla kazi haijaanza.

Jambo lisilosubiri siku ya kuosha ni kinyesi cha ndege. Katika Kampala hakuna haja ya kueleza sana, kwa maana kaloli, wale korongo wakubwa wenye upara, wamejaa mitini katikati ya mji, na aegeshaye gari chini yao hurudi akalikuta limepakwa chokaa. Kinyesi chenyewe kina asidi, lakini ubaya haukomei hapo. Juani vanishi hupata joto na kulainika kidogo. Kinyesi kikikauka hujikunja, na vanishi inapopoa hubaki na alama ya umbo lake, kama muhuri juu ya lakiri. Kisipanguswe kikiwa kikavu, wala kisikwanguliwe kwa ukucha. Kitambaa kilichoroweshwa maji kilazwe juu yake kwa muda wa dakika kumi, kisha kinyanyuliwe, na kilichobaki kimwagiwe maji. Utomvu wa mwembe ni mkaidi zaidi, na dawa yake bora ni kuegesha mahali pengine.

Hata hivyo, gari lililokwisha kuharibiwa na vitambaa litahitaji polishi siku moja. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea na rangi nyingi huliwa. Kabla ya yote, ukucha upitishwe taratibu juu ya mkwaruzo. Ukinasa, mkwaruzo huo aghalabu ni wa kina kiasi kwamba kuusugua mpaka uishe ni kuimaliza vanishi, na heri kuuacha. Ikiwa paa au boneti imeanza kutoa magamba meupe kama ngozi ya nyoka, vanishi imekwisha kufa, na hakuna polishi duniani iwezayo kuifufua. Hiyo ni kazi ya kupaka rangi upya, na anayeahidi vinginevyo anataka fedha tu.

Pasipo na dalili hizo, fundi aanze na dawa iliyo laini kuliko zote, kwenye sehemu ndogo yenye ukubwa wa daftari, aitazame juani, na asichukue iliyo kali ila ile laini ikishindwa. Mafundi wengi huanza na kali kwa sababu huonyesha matokeo upesi. Mashine inayozunguka kama jiwe la kunolea ina joto jingi, nayo ikikaa mahali pamoja huweza kutoboa vanishi katika muda wa kuvuta pumzi, hasa kwenye kona na mikunjo ya bodi, ambako rangi ni nyembamba zaidi. Hizo zifunikwe kwa utepe wa karatasi. Kwa mtu wa nyumbani, iliyo salama zaidi ni mashine inayozunguka huku ikitikisika, au mkono wake mwenyewe na subira. Kazi hiyo ikifanywa vizuri mara moja, na gari likaoshwa ipasavyo baadaye, isihitajike tena kwa miaka kadhaa.

Kinachotakiwa mara kwa mara ni nta. Ipakwe kidogo tu, iachwe ikauke, ifutwe kwa kitambaa laini. Kwa jua letu nta ya kanauba hudumu majuma machache, pengine hadi miezi miwili. Zile za viwandani hudumu zaidi. Kipimo chake ni maji: yakijikusanya kwa matone ya duara kama juu ya jani la myugwa, nta ipo, yakitandaa, imekwisha.

Mambo haya si urembo mtupu. Sajini anayechukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo, kama vile Wazalendo cha wanajeshi au Exodus cha polisi, akanunua gari lililotumika Japani, anaweka pale ada za shule na mabati ya nyumba ya kustaafia. Siku ya kuliuza, mnunuzi hutazama paa kabla ya injini, na magamba pale juu hushusha bei ya gari zima. Yeye mwenyewe anaponunua achukue sumaku ndogo, aifunge kwa kitambaa chepesi na kuipitisha kwenye bodi. Mahali isiposhika sawasawa huenda pana plasta ya kuziba bonde chini ya rangi nzuri, yaani gari liligongwa.

Magari ya jeshi yaliyopakwa rangi ya kijani isiyong'aa hayamo katika habari hii. Rangi ile ilifanywa hivyo makusudi ili isirudishe mwanga na kuonekana toka mbali, na dereva kijana anayeipaka nta kwa ajili ya gwaride huiachia mabaka yasiyotoka. Hayo yaoshwe tu.

Vitambaa vya kazi hii, vizuri zaidi vya maikrofaiba, vioshwe peke yake, wala visichanganywe na taulo za pamba, kwani hudaka nyuzi zake. Vianikwe kivulini na kutunzwa ndani ya mfuko safi. Na kimoja kikianguka chini katikati ya kazi, kiwekwe kando mpaka kioshwe, hata kama kinaonekana hakina kitu.