Tembo wa Nchi ya Theluji

Wengi wetu twamjua tembo kwa uharibifu wake. Shamba la mihogo hukanyagwa usiku mmoja, na jasho la mwaka mzima limepotea. Kwa hiyo huenda mtu akacheka akisikia kwamba twataka kumsikitikia mnyama huyo. Hata hivyo twawaomba mtusikilize, maana habari hii ni ya yatima wa Afrika aliyepelekwa mbali sana na kwao.

Huko Marekani, upande wa kaskazini kabisa, kuna nchi ya baridi kali iitwayo Alaska. Mwaka 1966 mwenye duka mmoja wa mji wa Anchorage alishinda mashindano ya kampuni iliyouza karatasi za chooni. Zawadi ilikuwa dola 3,000 au tembo mchanga. Naye akachagua tembo! Ndiye Annabelle, jike wa Asia, na kwa ajili yake mji ukajipatia bustani ya wanyama. Mwaka 1983 akaletewa mwenzake, Maggie, mtoto wa tembo kutoka Afrika ya Kusini. Jamaa zake Maggie walikuwa wameuawa kwa bunduki, kwani wakubwa wa mbuga waliona tembo wamezidi.

Sasa tutazame maumbile ya tembo. Jike haishi peke yake kamwe: hukaa na mama yake, dada zake na shangazi zake, na bibi mzee huwaongoza kwenye maji. Hutembea mchana na usiku akitafuta majani. Lakini huko Anchorage, wakati wa baridi, jua huonekana saa tano au sita tu kwa siku, na theluji hufunika yote. Basi wale wawili walifungiwa ndani, wakisimama juu ya saruji. Unyayo wa tembo ni laini ndani kama mto wa kulalia. Akisimama siku zote juu ya sakafu ngumu, kucha hupasuka, uchafu huingia, na ugonjwa huweza kufika mpaka mfupani. Annabelle alikufa mwaka 1997 kwa ugonjwa wa mguu.

Maggie akabaki peke yake karibu miaka kumi.

Tusiwasingizie watunzaji wake ukatili, walimpenda. Wengine walipodai ahamishwe, wao waliogopa safari itamwua, na mwaka 2004 wakaamua abaki. Mwaka uliofuata wakamtengenezea mashini ya ajabu: mkanda mpana unaozunguka chini ya miguu, ili apate kutembea pasipo kutoka nyumbani. Wakamshawishi kwa vyakula vitamu. Maggie akakataa kutembea juu yake. Nasi, kusema kweli, hatumlaumu.

Si kwamba tembo hawezi kuishi na watu. Hapa kwetu Kongo, kule Gangala-na-Bodio, tembo walifundishwa kukokota magari na kulima. Walifanya kazi, ndiyo, lakini walikuwa wengi pamoja, penye majani na mto. Tena hesabu iliyotolewa na wataalamu mwaka 2008 yatisha. Kati ya majike wa Afrika waliozaliwa katika bustani za Ulaya, nusu walikufa kabla ya kutimiza miaka 17. Huko Amboseli, nchini Kenya, ukiwaondoa waliouawa na watu, nusu walifikia miaka 56. Chakula cha bure na mganga mlangoni havikutosha.

Mwezi wa Mei 2007 Maggie alianguka mara mbili, asiweze kuinuka. Wazima-moto wakaitwa kumnyanyua, maana tembo akilala chini muda mrefu, uzito wake mwenyewe humdhuru. Ndipo wakubwa wa bustani walipokubali. Mwezi wa Novemba akatiwa ndani ya sanduku la chuma, sanduku likapakiwa katika ndege kubwa ya jeshi, akapelekwa California, kwenye vilima vyenye nyasi na jua, walikokuwa tembo wengine wa Afrika.

Huko aliishi karibu miaka kumi na minne, hata akafa mwaka 2021, akiwa amepita miaka thelathini na mitano. Bustani ya Anchorage haikuleta tembo mwingine.