Kimeng'enya katika Chakula cha Kuku wa Nyama

Mikoa ya Shinyanga na Geita yajulikana kwa pamba, mtama, mpunga, almasi na dhahabu. Miji iliyo karibu na migodi, kama vile Kahama na Geita, ina walaji wengi wa nyama, na ufugaji wa kuku wa nyama una soko huko. Mfuko wa chakula cha kuku aghalabu hubeba maelezo yaliyotungwa kwa lugha ya kigeni, na humo limo neno ambalo mfasiri, mwalimu na bwana mifugo hawana budi kulielewa kwa namna moja: kimeng'enya.

Asili ya neno

Neno hili latokana na kitenzi kumeng'enya, yaani kuvunjavunja kitu kiwe vipande vidogo vidogo. Kitenzi hicho ndicho kilichotupatia mmeng'enyo wa chakula. Kiambishi ki- chaonyesha kitendea kazi, kama katika kipimajoto na kipaza sauti. Katika elimu ya viumbe, kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia bila yenyewe kutumika ikaisha. Viko vimeng'enya vinavyounganisha badala ya kuvunja. Lakini katika chakula cha kuku, maana ya kuvunja ndiyo inayotuhusu.

Kazi yake

Kuku ana vimeng'enya vyake vya wanga na protini. Hana vya kutosha vya kuvunja faiteti, ambamo hufungwa kiasi cha theluthi mbili za fosforasi iliyomo katika nafaka na mbegu. Pumba za mpunga, mashudu ya pamba na mashudu ya alizeti vina faiteti nyingi. Fosforasi hiyo hupita tumboni na kutoka na kinyesi, hali kuku huyo anaihitaji kwa mifupa yake, naye hufikia uzito wa kuchinjwa katika majuma machache tu. Ndiyo maana mfugaji huongeza unga wa mifupa au dagaa. Kimeng'enya kiitwacho faitesi, kilichoanza kuuzwa kwa ajili ya chakula cha mifugo mwaka 1991, huivunja faiteti na kuiachilia sehemu ya fosforasi hiyo.

Kimeng'enya kingine, zailanesi, huvunja nyuzi za kuta za seli za nafaka. Katika ngano nyuzi hizo huyeyuka na kuufanya ujiuji wa tumboni uwe mzito. Virutubisho hufyonzwa kwa shida, na kinyesi hunata. Mahindi na mtama havina sana taabu hiyo. Kwa hiyo maelezo yaliyoandikiwa nchi zinazolisha kuku ngano yasifasiriwe bila kutaja nafaka. Mfugaji wa Shinyanga atatumaini faida asiyoweza kuipata.

Maneno yanayopotosha

Mfasiri akiandika dawa, mfugaji atadhani unga huo hutibu kideri. Akiandika kirutubisho, mfugaji aweza kupunguza vitamini au protini, akiamini kwamba amekwisha kuviongeza. Kumbe kimeng'enya hakileti lishe mpya, bali huifungua ile iliyomo tayari. Neno kichocheo ni sahihi katika somo la kemia, lakini juu ya mfuko wa chakula laweza kueleweka kuwa homoni ya kukuza kuku, na mlaji akaiogopa nyama bila sababu.

Tena, kwa kuwa kimeng'enya ni protini, joto kali hukiharibu. Msomaji aliyeambiwa kuwa ni dawa hataona ubaya wa kukikoroga katika maji ya moto. Wala kimeng'enya cha faiteti au cha nyuzi hakiondoi gosipoli, sumu iliyomo katika mashudu ya pamba. Kila kimeng'enya hufanya kazi juu ya kitu chake.

Mapendekezo

Twapendekeza matumizi yafuatayo:

1. Kimeng'enya (vi-): protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, kama vile kuvunjwa kwa chakula.
2. Kirutubisho (vi-): kitu kinachoulisha mwili, kama protini, madini au vitamini.
3. Kiongezwa (vi-): jina la jumla la kitu kinachotiwa katika chakula kwa kiasi kidogo kwa kusudi maalumu.
4. Faitesi: kimeng'enya kinachovunja faiteti.

Pale jina la kigeni linapotumika, lifuatwe mara ya kwanza na maelezo ya kitu kinachovunjwa. Mfugaji hununua mfuko kwa fedha zake. Ni haki yake kujua atiacho katika chakula cha kuku wake.