Rekini mwenye kutwanga, na mtu aliyemtoa mu jiwe

Bamama twangaises wa Kamituga wanajua vile jiwe inavyotwangwa. Zamani sana, mtu hajakuwa bado duniani, kulikuwa samaki aliyefanya kazi hiyo kwa meno. Wataalamu wanamwita Ptychodus. Alikuwa rekini. Kiswahili cha pwani kinasema papa, lakini hapa Bukavu ukisema papa ameonekana, watu watamtafuta mzee wako.

Aliishi katika bahari za kipindi cha Kretase, akatoweka miaka milioni 75 hivi iliyopita. Wakubwa wao wanakadiriwa walifika metre 10. Meno yake hayakuwa ya kukata. Yalikuwa mapana, yenye mikunjo juu, yamepangwa karibu-karibu sawa pavé ya avenue, ya kuvunja wanyama wenye ganda ngumu.

Mifupa ya rekini ni gegedu, ile laini tunayotafuna mwisho wa mfupa wa kuku. Inaoza mbio, jino linabaki. Ndiyo maana karibu miaka 200 wataalamu walikuwa na meno na vipande tu. Wengi walifikiri alikuwa anatambaa chini ya maji akiokota kombe.

Kiisha, mu mwaka 2024, Romain Vullo wa Ufaransa na wenzake walitangaza miili mizima kutoka Vallecillo, Meksiko, kwenye kariere za mawe ya chokaa, yenye miaka milioni 93 hivi. Hata umbo la mwili lilibaki limechorwa mu jiwe. Wakaona kwamba alikuwa mwogeleaji wa mbio mu bahari wazi, mwenye kufukuza amoniti, wale wenye ganda la kuzunguka, na labda kasa pia.

Kwetu Kivu ya Kusini usimtafute. Kasiterite na koltani yetu zimetoka mu granite ya karibu miaka milioni 1,000. Wakati ule rekini hakuwako. Na ziwa letu ni la sambaza, nao waliletwa kutoka Tanganyika mu 1959! Lakini Bas-Congo, bahari ilifika. Dartevelle na Casier waliandika kuanzia 1943 juu ya samaki wa mawe wa kule, pamoja na meno ya rekini. Ile mikusanyo ilikwenda Tervuren, Ubelgiji. Mtoto wa Boma akitaka kuona jino la bahari yake, anahitaji visa.

Hapo sisi wa syndicat tunauliza: ni nani aliyeinua jiwe kwanza? Kule Uingereza, daktari Mantell alichapa picha za meno haya mu 1822. Vitu vingi alinunua kwa wachimba mawe. Jina la Mantell tunalo. Ya wale wachimbaji, nani anayajua?

Kwa hiyo, ndugu kreseur, ukikuta mu udongo wa mto au mu chokaa kitu chenye sura ya jino, mfupa ao ganda, usikipige burini. Piga foto kikiwa pahali pake, andika urefu wa shimo na rangi ya udongo. Negosian asikibebe bure. Watu wa kukiangalia wako karibu: kituo cha Lwiro, ao jeoloji pale Université Officielle de Bukavu. Na wakiandika karatasi ya kupokea, jina la mchimbaji liwe juu yake, pamoja na jina la kariere, mbele hujaacha kitu mkononi mwao.