Dawa Inayofaa Kukaa Maskani

Unga, yaani heroini, haumuui mtu papo hapo kila mara. Aliyezidisha kipimo anaweza kuchukua dakika nyingi, hata saa nzima, kabla pumzi haijakatika kabisa, na mara nyingi pembeni yake yupo mwenzake aliyetumia naye. Mwenzake huyo, ambaye sisi humkwepa njiani, ndiye daktari wa kwanza.

Heroini ikiingia mwilini hugeuka mofini na kukalia vipokezi vya shina la ubongo, sehemu inayotuamuru kupumua hata tukiwa usingizini. Amri hiyo hulegea. Mboni za macho husinyaa, mgonjwa hukoroma kwa sauti nzito, wala haamki hata akisuguliwa kifua kwa nguvu. Tumezoea kuambiwa tuangalie midomo ya buluu. Kwa ngozi nyeusi, angalia ufizi na kucha.

Naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa, hufanya kazi ya kondakta mkali wa matatu: humshusha abiria na kukikalia kiti yeye mwenyewe. Ikidungwa kwenye msuli wa paja, pumzi hurejea baada ya dakika chache. Hailevyi. Lakini nguvu yake hudumu dakika 30 hadi 90 tu, na unga unaweza kuwa ungalipo mwilini, kwa hiyo mgonjwa asiachwe peke yake na safari ya hospitali iko palepale.

Chicago, Marekani, walianza kuwagawia watumiaji wenyewe dawa hii mwaka 1996. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likashauri ipatikane kwa yeyote anayeweza kumkuta mtu amezidiwa. Mwishoni mwa mwaka huohuo Kenya ilifungua kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, huko Mathari, Nairobi, kisha Malindi mwaka 2015. Mombasa, mashirika kama MEWA na Reachout Centre Trust hutumia wahudumu rika, watu wanaozijua maskani, yaani vijiwe vya watumiaji, na wanaoaminika humo.

Hatari kubwa humnyemelea aliyepumzika. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila unga husahau kuustahimili, hivyo kipimo cha zamani huwa sumu kwa aliyetoka rumande, aliyemaliza matibabu, au aliyejizuia Ramadhani nzima akarudia siku ya Idd. Hatari nyingine ni kuchanganya. Unga ulipoadimika Pwani na Nairobi Desemba 2010, watumiaji wengi walikimbilia pombe na vidonge vya usingizi. Vitu hivyo vikikutana na heroini, pumzi hulemewa maradufu.

Je, Garissa? Unga ni habari ya Pwani zaidi, nakubali. Lakini barabara ya Hola na Garsen inaunganisha mji huu na Malindi, na vidonge vikali vya maumivu kama tramadoli ni vya ukoo mmoja na heroini, ingawa tramadoli huweza pia kuleta degedege. Tena huku umbali ni adui. Mtu akizidiwa Hulugho, ambulensi ya kutoka Garissa mjini haiwezi kumwahi.

Miraa haimwokoi aliyezidiwa: humchangamsha mtafunaji, haiulindi upumuaji wake. Maziwa, hata ya ngamia, yatampalia asiyejitambua. La kufanya ni kumwita, kuita msaada, kumpulizia mdomoni pumzi moja kila baada ya sekunde 5, kumpa naloksoni ikiwepo, na akianza kupumua, kumlaza ubavu.

Kinachowazuia wengi ni hofu ya polisi na aibu ya familia. Hapo imamu na mzee wa ukoo wana uwezo kuliko bango lolote: wakisema hadharani kwamba kumwokoa aliyezidiwa si kuhalalisha unga, wenzake hawatamtoroka.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000, kila mmoja na mkoba wake wa vifaa. Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera ziwafunze kutambua pumzi inayozimika, na ziweke naloksoni katika kila zahanati, si katika hospitali kuu peke yake.